Kuzuka na Kuzusha: Dhima ya Mtunzi wa Kanuni katika Michezo ya Mageuko ya Viumbe

1. Utangulizi

Kwenye mwamba wa kilima cha Hyrax, kilomita chache kutoka katikati ya Nakuru upande wa barabara iendayo Nairobi, mna safu za vishimo vilivyochongwa kwa mikono ya watu. Mary Leakey alifukua makazi ya kale ya kilima hicho katika miaka ya 1937 na 1938, na mgeni azuruye jumba dogo la makumbusho lililopo pale huonyeshwa vishimo hivyo na kuelezwa kuwa ni bao. Mchezo wenyewe haujatoweka: Waswahili wanaucheza kwa jina hilo hilo, Wamaasai wanao enkeshui, na Wagikuyu wanao giuthi. Aliyechonga vishimo vile hakuacha jina. Lenye uzito zaidi katika mjadala huu ni kwamba hakuacha mchezo hata mmoja uliokwisha kuchezwa. Aliacha uwanja, na uwanja ule ulikuwa na kanuni zake. Kila mtego uliotegwa juu ya mwamba ule na kila kete iliyotekwa ni mambo ambayo hakuna mtu aliyeyaandika kabla hayajatokea.

Jambo hili la kale limerejea kwa sura mpya katika michezo ya tarakilishi. Ipo michezo ambayo ndani yake mtunzi hachori mlima mmoja mmoja, hapangi nyota moja moja, wala haumbi mnyama mmoja mmoja. Huandika kanuni, na kanuni ndiyo izaayo milima, nyota na wanyama. Mingine huenda mbali zaidi ikaiga mageuko ya viumbe: vizazi hufuatana, maumbo hubadilika kidogo kidogo kwa nasibu, yaliyo dhaifu hufutika na yaliyo imara huendelea. Hapo ndipo linapojitokeza swali la kimaadili ambalo uhakiki wa fasihi hauwezi kulikwepa, maadamu fasihi imekuwa ikiuliza tangu zamani kazi ni ya nani. Je, ikiwa kanuni imezaa jambo ambalo aliyeiandika hakulikusudia wala hakulibashiri, anawajibika kwalo?

Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa anawajibika, ila si kwa sababu ile itolewayo mara nyingi. Dhima ya mtunzi wa kanuni haitokani na uwezo wake wa kutabiri. Hutokana na kuona: akishaona kilichozaliwa, naye bado ana mkono juu ya kanuni, basi kila siku anayoiacha kanuni ilivyo ni siku ya utunzi mpya. Lugha ya Kiswahili yenyewe ina mizani ya kulipimia suala hili. Kitu kinaweza kuzuka, na mtu anaweza kukizusha. Tofauti baina ya vitenzi hivi viwili ni mnyambuliko mdogo tu, mfano wa kuanguka na kuangusha, lakini ndani ya mnyambuliko huo mdogo ndimo anamojificha au anamofichuliwa mtenda.

2. Kanuni, mtunzi na zao la kanuni

Mwaka wa 1984 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Cambridge, David Braben na Ian Bell, walitoa mchezo uitwao Elite. Tarakilishi waliyoiandikia ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 32 tu, nao walitaka ulimwengu mpana wa nyota ambamo mchezaji angesafiri na kufanya biashara. Kwa kuwa ulimwengu wa namna hiyo haukuweza kuhifadhiwa, waliamua usihifadhiwe: walitumia tarakimu chache za mwanzo na kanuni ya kuzizungusha, na humo zikatoka galaksi 8, kila moja ikiwa na mifumo 256 ya sayari, pamoja na majina, serikali na hali za uchumi wake. Mchezo wa No Man's Sky, uliotolewa mwaka wa 2016, uliitanua mbinu iyo hiyo hadi kufikia sayari ambazo idadi yake huandikwa kwa tarakimu 20. Hakuna mwanadamu, hata miongoni mwa walioutengeneza, atakayeishi umri wa kutosha kuzitazama zote.

Kwa mtazamo wa haraka, hapa mtunzi ameondoka. Ameacha mashine inayotunga, na lawama au sifa yoyote ni ya mashine. Hata hivyo, Elite yenyewe ina kisa kinachoipinga hoja hiyo. Watungaji wake wamesimulia kwamba katika galaksi mojawapo kanuni ilitoa sayari yenye jina ambalo kwa Kiingereza ni tusi. Hawakuwa wamelitunga jina hilo; herufi zilikutana tu. Lakini walipoliona hawakusema kuwa ni kazi ya kanuni. Waliitupa galaksi nzima wakachukua nyingine. Katika tendo hilo dogo mna nadharia kamili ya utunzi. Ukweli kwamba hawakulikusudia tusi ulikuwa udhuru wao hadi walipolisoma. Baada ya kulisoma, kuliacha kungekuwa sawa na kuliandika.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatashangazwa na hali hii. Albert Lord, akiendeleza uchunguzi alioufanya pamoja na mwalimu wake Milman Parry miongoni mwa waimbaji wa Yugoslavia, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka wa 1960 kwamba mwimbaji wa tendi hakariri maneno yaliyohifadhiwa neno kwa neno. Ana hazina ya vipashio na kanuni za kuvipanga, naye huuzaa utendi papo hapo mbele ya hadhira. Utendi huo haukuwapo kabla ya usiku ule. Pamoja na hayo, hadhira haimsamehi mwimbaji aliyeharibu kwa kuwa vipashio ni vya wote. Humsifu au kumzomea yeye aliyesimama mbele yao.

Ushairi wa Kiswahili umepitia mjadala unaokaribiana na huu. Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka wa 1954, alitoa maelezo ya vina, mizani na beti ambayo, kwa namna fulani, ni kanuni ya kuzalishia mashairi. Euphrase Kezilahabi alipoleta Kichomi mwaka wa 1974 na kuziacha sheria hizo, ulizuka ubishi uliodumu kwa miongo. Lakini katika ubishi huo wote, pande zote mbili zilikubaliana katika jambo moja ambalo halikuhitaji kusemwa: shairi haliandikwi na mizani. Shairi lililotimiza vina vyote na likawa tupu huhesabiwa dhidi ya malenga wake, na hakuna malenga ajiteteaye kwa kusema kuwa vina ndivyo vilivyoleta uongo uliomo katika ubeti wa tatu. Kanuni hutoa ruhusa. Haiwezi kutoa nia, wala haiwezi kupokea aibu.

Yamkini atatokea wa kumtaja Roland Barthes, aliyetangaza kifo cha mwandishi mwaka wa 1967. Ni kweli kwamba Barthes alimwondolea mwandishi mamlaka ya kuwa mwamuzi wa mwisho wa maana ya matini, na uhakiki umefaidi kwa hilo. Lakini mamlaka na dhima ni mambo mawili. Mzazi hana mamlaka ya kuamua mtoto wake mtu mzima awaze nini, na hilo halimfutii deni la malezi aliyompa. Vivyo hivyo, msomaji au mchezaji anaweza kuwa huru kabisa katika kuifasiri dunia iliyozaliwa na kanuni, na aliyeiandika kanuni akabaki mdaiwa wa kanuni yake.

3. Ngazi isiyokuwako bondeni

Suala hili huwa zito zaidi pale kanuni inapodai kuwa inaiga maumbile yenyewe, kwa sababu hapo mtunzi hupata pazia la pili la kujisitiri: licha ya kusema kuwa si yeye ila ni kanuni, husema pia kuwa kanuni si yake bali ni ya dunia. Mifano inadhihirisha jinsi pazia hilo lilivyo jepesi.

Richard Dawkins, mwanabiolojia wa Kiingereza aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1941, aliambatanisha na kitabu chake cha mwaka wa 1986 programu iliyochora maumbo ya mistari. Katika kila kizazi umbo mzazi lilitoa watoto waliotofautiana naye kidogo, na mtu aliyekaa mbele ya kioo akamchagua mmoja awe mzazi wa kizazi kinachofuata. Dawkins alieleza mshangao wake alipoona, baada ya vizazi kadhaa, maumbo yanayofanana na wadudu, jambo ambalo hakulitazamia. Mshangao huo ulikuwa wa kweli. Hata hivyo, jicho lililochagua kila hatua lilikuwa lake mwenyewe. Mdudu hakuwa amekusudiwa, lakini alikuwa ameteuliwa.

Thomas Ray, mtaalamu wa ikolojia ya misitu ya tropiki, alijaribu kuliondoa jicho hilo. Katika mfumo aliouita Tierra, ulioanza kufanya kazi mwaka wa 1990, aliweka programu moja yenye amri 80 iliyoweza kujinakili, akaruhusu nakala zikosewe hapa na pale, kisha akaacha. Vikatokea vimelea vyenye amri 45 tu, visivyoweza kujinakili vyenyewe bali kwa kuazima amri za jirani. Baadaye vikatokea viumbe visivyodhurika na vimelea hivyo, na vingine vilivyovigeuza vimelea kuwa windo. Hakuna aliyeviandika. Hapa, bila shaka, kitenzi kuzuka kinastahili. Lakini Tierra ilikuwa na sehemu ambayo haikuzuka: kumbukumbu ilipojaa, utaratibu uliotungwa na Ray uliwafyeka wale waliozeeka na wale waliokosea mara nyingi. Uhai ulijitafutia njia. Kifo kiliandikwa na mtu. Mhakiki anayeisoma Tierra kama matini atapaswa kuuliza ni nani aliyepanga foleni ya kufa, kabla ya kustaajabia walionusurika.

Michezo iliyokusudiwa kwa umma imefanya jambo lililo tofauti, nalo ndilo lenye athari pana. Spore, mchezo wa mwaka wa 2008 uliobuniwa na Will Wright, humpitisha mchezaji katika hatua tano: chembe hai, mnyama, kabila, ustaarabu, na safari za angani. Mchezaji humbandika kiumbe wake miguu na midomo apendavyo, na programu hukokotoa namna kiumbe huyo atakavyotembea. Hili la mwisho ni fundi wa ajabu, kwani mwendo wa kiumbe haukuchorwa na yeyote. Lakini mfuatano wa hatua haukuzalishwa na kanuni yoyote ya mageuko. Uliandikwa. Kabila huja kabla ya ustaarabu, na ustaarabu ni miji inayotwaana kwa silaha, kwa dini au kwa biashara. Ancestors: The Humankind Odyssey, mchezo uliotolewa mwaka wa 2019 na Patrice Désilets na wenzake wa Montréal, unalihusu bara hili moja kwa moja: mchezaji huuongoza ukoo wa masokwe wa Afrika ya kale kuanzia miaka milioni 10 iliyopita hadi yapata milioni 2 iliyopita, na kila baada ya mruko wa vizazi hupimwa dhidi ya kalenda ya sayansi, akaelezwa ameitangulia kwa miaka mingapi. Mageuko yamekuwa mashindano ya mbio, na mstari wa mwisho wa mbio hizo unajulikana tangu mwanzo.

Bonde la Ufa lenyewe halisimulii hadithi hiyo. Huko Kariandusi, karibu na Gilgil, mashoka ya mkono ya mawe, mengine ya jiwe jeusi mfano wa kioo litokalo katika volkeno, yametapakaa mahali yalipoachwa. Umbo la shoka la namna hiyo lilidumu kwa zaidi ya miaka milioni moja. Mchezo uliotaka kulifuata bonde kwa uaminifu ungemlazimu mchezaji kukaa na shoka lilo hilo kizazi baada ya kizazi bila kupongezwa kwa kusonga mbele, kwa kuwa hapakuwa na mbele. Kaskazini zaidi, mashariki mwa Ziwa Turkana, mafuvu yaliyofukuliwa yanathibitisha kuwa aina zaidi ya moja za viumbe wa jamii ya binadamu ziliishi wakati mmoja katika nchi moja. Huo ni mti wenye matawi yaliyosambaa, na mengi ya matawi hayo yalikatika. Ngazi haimo.

Msomaji anaweza kuuliza: huu si mchezo tu? Nani ameumizwa na ngazi ya kubuni? Jibu limo katika historia ya ardhi hiyo hiyo. Mwaka wa 1904 serikali ya kikoloni ilifanya mkataba uliowaondoa Wamaasai katika malisho yao ya bonde la kati, na mwaka wa 1911 ukafuata mwingine ulioandaa njia ya kuwahamisha tena. Nakuru ikawa mji wa walowezi. Hatua hizo zilihitaji hadithi ya kuzihalalisha, na hadithi iliyokuwapo ilikuwa hadithi ya ngazi: kwamba mfugaji amesimama chini ya mkulima, na mwenye jembe chini ya mwenye plau, na kwamba aliye juu anaporithi nafasi ya aliye chini hakuna mwizi, ni mwendo wa maumbile tu. Watu walipoteza ng'ombe na malisho kwa jina la mfuatano wa hatua. Kwa hiyo, mtunzi anayeuandika mfuatano huo upya katika mchezo na kuuita mageuko hachezei kitu kipya kisicho na historia. Anakipa kijana wa leo, akiwemo yule anayecheza katika ukumbi wa michezo mjini Nakuru, wazo ambalo babu yake alihamishwa kwalo, nalo limevikwa vazi la sayansi. Mchezo hauumizi viumbe vyake, kwa kuwa havihisi. Lakini mchezaji wake ni mtu hai, na anayofunzwa kuyaona kuwa ya kawaida huenda nayo nyumbani.

4. Samaki wa Magadi

Hadi hapa mtetezi wa watungaji wa kanuni bado ana hoja moja iliyo imara. Atasema: iwapo dhima inafuata kila zao la kanuni, basi hakuna atakayethubutu kutunga, kwani hakuna awezaye kuyatabiri mazao yote. Hoja hii inastahili kujibiwa kwa mfano wa mageuko na mahusiano ya viumbe halisi, na Ziwa Nakuru lina mfano unaofaa.

Ziwa hilo la magadi halikuwa na samaki. Heroe walikula mwani wake mdogo, na ndiyo sifa iliyolipa ziwa jina duniani. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 waliletwa humo samaki wadogo wa jamii ya perege kutoka Ziwa Magadi, wanaostahimili maji makali ya aina hiyo, ili wale viluwiluwi vya mbu. Kusudi lilikuwa jema na dogo. Samaki wakaenea. Walipoenea wakaja ndege wanaokula samaki, hasa mwari, ndege mkubwa mwenye mfuko chini ya mdomo, ambaye kabla ya hapo hakuwa na haja na ziwa lisilo na chakula chake. Mwari wakajenga viota katika visiwa vya Ziwa Elmenteita, ambako hakukuwa na samaki wa kuwatosha, wakawa wanaruka kwenda Nakuru kula na kurudi kulisha makinda. Kanuni moja iliyoongezwa katika ziwa moja ikawa imepanga safari za kila siku za ndege baina ya maziwa mawili.

Je, walioleta samaki waliwaleta mwari? Kwa kipimo cha kutabiri, hapana. Lakini tangu siku mwari walipoonekana, ziwa lenye mwari likawa sehemu ya tendo lao, na waliolihifadhi ziwa baada yao hawakusema kuwa ndege wale ni wageni wasiowahusu. Waliwahesabu, waliwachunguza, na visiwa vya Elmenteita vikatambuliwa kuwa mahali pa kulindwa. Walilipokea zao wasilolikusudia kama lao. Huko ndiko kuwajibika kwa maana inayotetewa na makala haya. Si adhabu kwa kutojua, bali ni kukataa kuendelea kujifanya hujui.

Mfano wa pili uko Njoro, mwendo mfupi kutoka Nakuru, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Kutu ya shina la ngano iliyotambuliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, ikaitwa Ug99, iliyashinda mazuio ambayo watafiti waliyatia katika ngano kwa miongo mingi. Kutu ile haikutungwa na mtu. Iligeuka yenyewe, na tangu hapo imegeuka tena mara kadhaa. Tangu mwaka wa 2005 maelfu ya aina za ngano kutoka nchi nyingi zimekuwa zikipandwa Njoro ili zijaribiwe mbele ya adui huyo. Mtafiti wa ngano hajui kutu itageukaje msimu ujao. Anachojua ni kwamba atarudi shambani kutazama, na kwamba mbegu aliyoitoa jana atalazimika kuikana leo ikiwa imeanza kumdanganya mkulima. Mageuko hayatabiriki, na kwa sababu hiyo hasa yanamtaka mlinzi asiyeondoka. Mtunzi wa michezo anayesema kuwa mazao ya kanuni yake hayatabiriki amesema kweli, lakini ametoa sababu ya kubaki na kutazama. Hajatoa sababu ya kuondoka.

5. "Ghasia zilizuka"

Kuna mahali katika bonde hili ambapo tofauti ya kuzuka na kuzusha haikuwa suala la sarufi wala la mchezo. Mwishoni mwa Januari 2008, katika siku zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, watu waliuawa na nyumba kuchomwa mjini Nakuru na Naivasha. Katika taarifa za habari kitenzi kilikuwa kile kile: ghasia zilizuka. Sentensi hiyo ina kiima, lakini kiima chake ni ghasia zenyewe. Haina mtu. Anayeisikia huona kama kwamba moto ulitoka ardhini, jinsi lava ilivyotoka zamani katika volkeno ya Menengai iliyouinamia mji.

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, iliyotoa ripoti yake mwaka wa 2008, ilihesabu vifo 1,133 nchini kote. Iliona kuwa katika baadhi ya mahali ghasia zilianza papo hapo bila matayarisho, na katika mahali pengine zilipangwa na kuandaliwa. Kwa maneno mengine, kazi kubwa ya tume ilikuwa kazi ya mnyambuliko: kupita mahali baada ya mahali na kuuliza kama pale palizuka au palizushwa. Aidha, hata palipozuka, lilibaki swali la wale waliokuwa na uwezo wa kuzuia, wakaona, wasizuie. Kanuni za kugawa ardhi, za kugawa vyeo, za kumfanya mtu awe mgeni alikozaliwa, zilikuwa zimeandikwa muda mrefu kabla ya usiku wa kwanza wa moto, na matokeo yake yalikuwa yameonekana katika bonde hili tangu mapigano ya mwaka wa 1992. Aliyeiona kanuni ikizaa maiti mara ya kwanza na kuiacha ilivyo, hawezi mara ya pili kukaa upande wa watazamaji.

Dola, kwa upande wake, hujua vyema kumtafuta mtunzi inapomhitaji. Tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, iliyochezwa Kamĩrĩĩthũ mwaka wa 1977, iliandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, lakini wanakijiji waliijadili, wakairekebisha, wakaitia nyimbo na kumbukumbu zao hata ikawa zao la wengi. Ikiwa kuna kazi ambayo mtu angeweza kusema kuwa ilizuka katika jumuiya, ni hiyo. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini bila kesi, akakaa humo karibu mwaka mzima. Wimbo wa wengi ulipatiwa mtunzi mmoja wa kufungwa. Moto wa wengi mara nyingi haukupatiwa hata mmoja. Ulinganisho huu haukusudii kufananisha tamthilia na mauaji. Unaonyesha kuwa kauli ya kukosekana kwa mtunzi si kauli isiyoegemea upande. Hutolewa au kunyimwa kwa manufaa ya mtu, na ni wajibu wa mhakiki kuuliza ni kwa manufaa ya nani.

6. Hitimisho

Imebainika kwamba kanuni inayozaa ulimwengu haimfuti mtunzi, bali humhamishia mahali pengine: katika kuchagua kanuni, katika kuweka mipaka yake, na zaidi ya yote katika kuitazama inavyozaa. Yapo mambo yazukayo kweli, katika Tierra, katika Ziwa Nakuru, katika mashamba ya Njoro, na heshima ya kustaajabia mambo hayo haipaswi kupotea. Lakini kitu kikishazuka mbele ya macho ya mwenye uwezo wa kuibadili kanuni, muda wa kuzuka umekwisha na muda wa kuzusha umeanza. Kutokana na hayo, mhakiki wa fasihi anayo kazi mpya isiyo ngeni kwake: kuzisoma kanuni kama zisomwavyo matini, na kutenga kilichozaliwa na kanuni na kilichoingizwa kwa mkono kisha kikaitwa maumbile, kama ile ngazi ya makabila na ustaarabu. Vijana wa Bonde la Ufa watakaoandika michezo yao wenyewe juu ya chimbuko la binadamu watakuwa na faida ya kuishi juu ya ushahidi unaoikanusha ngazi hiyo. Watakuwa pia na deni la kutoipandisha tena.

Bao lina vishimo 32 na kete 64, na katika mchezo wa mabingwa kete zinaweza kuzunguka ubao mara nyingi katika zamu moja, zikiokotwa na kupandwa, hata mwenye kuzipanda mwenyewe asiweze kusema zitakomea wapi. Hapo hutokea akala nyumba ya mwenzake bila kutazamia, au akajifilisi. Waliokaa barazani hucheka, husikitika, hubisha. Lakini hakuna mchezaji aliyewahi kukubaliwa akisema kwamba kete zilijiendea zenyewe. Mkono uliozipanda unajulikana ni wa nani.